Mkonge wa Tanga: Utajiri Uliopita Relini

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopandisha bendera yake, hapakuwa na nchi duniani iliyotoa katani nyingi kuliko yetu. Karibu tani 200,000 kwa mwaka zilikuwa zikisafirishwa nje, na hapakuwa na zao jingine lililoingiza fedha nyingi za kigeni kuushinda mkonge. Mshahara wa mwalimu, dawa za hospitali, petroli ya magari ya serikali, vyote vilitegemea kwa sehemu jani hilo lenye mwiba. Miaka 40 baadaye tulikuwa tukitoa tani 20,000 hivi, na katika mashamba mengi ya Muheza na Korogwe pori lilikuwa limefunika hata reli ndogo za toroli.

Anguko hilo wengine hulieleza kwa plastiki, wengine kwa utaifishaji. Yote mawili yamo, wala sitayapuuza. Lakini mimi naamini chanzo ni cha zamani zaidi. Kiko katika namna zao hili lilivyoingizwa na lilivyopangwa tangu siku za mwanzo: liliijenga nchi bila kumjenga mtu aliyelikata.

Miche 62: 1893 hadi 1913

Kabla ya mkonge, bonde la mto Pangani lilikuwa nchi ya miwa. Waarabu na Waswahili wenye mashamba walilimisha watumwa, wakakamua sukari na kuiuza Unguja na kwingineko pwani. Kisha ikaja kampuni ya Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ikitaka kutawala bandari na kukusanya ushuru. Watu wa pwani waliinuka mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Vita vilimalizwa kwa majeshi ya serikali ya Ujerumani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Tangu 1891 serikali ya Ujerumani ndiyo iliyotawala, na kampuni ikabaki na biashara na mashamba.

Mashamba hayo hayakuwa na bahati. Tumbaku ya Lewa haikulipa. Kahawa iliyopandwa Usambara Mashariki ilistawi miaka michache, kisha udongo ukachoka. Pamba ya Kikogwe, karibu na Pangani, nayo ilisumbua. Kampuni ilihitaji mmea unaovumilia jua na ardhi isiyo na rutuba nyingi, na mtaalamu wake wa kilimo, Richard Hindorf, akasoma habari za mmea wa namna hiyo uliokuwa ukiitajirisha Yucatán, kule Mexico. Mexico haikutaka miche yake itoke nje. Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na mwaka 1893 ilipofika pwani yetu ni 62 tu iliyokuwa hai.

Karibu mkonge wote uliofuata Tanganyika ulitokana na miche hiyo 62. Mkonge hauhitaji mbegu. Ukikaribia kufa hutoa mlingoti mrefu, na mlingoti huo huzaa vitoto kwa mamia. Kufikia 1898 Kikogwe ilikuwa na miche ipatayo 63,000. Mzigo wa kwanza wa katani ulipelekwa Ulaya mwaka 1900, na kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka. Mkonge ulikuwa umekwisha kuyapita mazao mengine yote kwa thamani.

Soko lilitoka wapi? Lilitoka katika mashamba ya ngano. Wakulima wa Marekani na Kanada walikuwa wameanza kutumia mashine zilizovuna ngano na kuifunga miganda papo hapo, na kila mganda ulihitaji kamba. Kadiri ngano ya huko ilivyoenea, ndivyo kamba zilivyohitajika, na meli nazo zilitaka zake. Kilimo cha bara moja kilikuwa kikikifungulia mlango kilimo cha bara jingine, ingawa aliyekata mkonge Muheza hakuwahi kuiona hiyo ngano.

Korona, maji na reli

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ufundi wa zao hili ndio ulioamua nani atakuwa tajiri na nani atakuwa kibarua.

Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Likikaa siku mbili tatu linakauka, na nyuzi zinakuwa ngumu kutoka. Ni lazima lifikishwe upesi kwenye korona, ile mashine kubwa inayoponda jani na kulikwangua nyama yake ya kijani hadi zibaki nyuzi. Korona hunywa maji mengi mno, kwa hiyo ilibidi ijengwe karibu na mto. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi na kufungwa marobota. Na katika uzito wote wa majani yaliyoingia, katani inayotoka ni kati ya asilimia 3 na 5. Kilichobaki kilimwagwa, mara nyingi mtoni.

Maana yake ni kwamba mwenye ekari mbili hakuweza kuingia katika biashara hii peke yake. Kahawa unaweza kuichuma, ukaimenya kwa mashine ya mkono na kuianika uani. Mkonge ulidai korona, mto, reli ya toroli kutoka shambani na maelfu ya ekari za kuishibisha mashine hiyo. Ulidai mtaji wa watu wa Ulaya.

Ulidai pia reli kubwa. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka huohuo wa 1893, miche ilipofika. Ilikwenda polepole, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Kila kituo kilizungukwa na mashamba. Tanga ikawa mji wa bandari, karakana na maghala, na serikali ikapata ushuru. Kwa maana hiyo ya kwanza, ya njia, bandari na hazina ya serikali, mkonge uliijenga nchi kweli, na atakayebishana na hilo aende akaangalie ramani ya reli.

Nani atakata?

Wenye mashamba walikuwa na ardhi, mashine na soko. Walichokosa ni watu. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira mdogo. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa kodi, na kodi ilipokuwa haitoshi ikajibu kwa amri. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, tangu 1907 mwanamume aliyeweza kazi alipewa kadi iliyomtaka afanye siku 30 kwa mzungu mwenye shamba ndani ya miezi minne.

Hata hivyo watu wa jirani hawakutosha, na macho yakaenda mbali: Wanyamwezi na Wasukuma kwanza, kisha Waha wa Kigoma, Wangoni na Wabena wa kusini, Wamakonde waliovuka mto Ruvuma, na Warundi. Hawa ndio waliokuja kuitwa manamba. Waliandikishwa kwa mkataba, wakapakiwa kwenye magari na mabehewa, wakapelekwa kambini. Mtu alipewa kadi ya siku 30 na alilipwa siku zote 30 zilipotimia. Siku aliyoumwa, au aliyoshindwa kumaliza mizigo ya majani aliyopangiwa, haikuandikwa. Alikuja peke yake, kwa kuwa ujira ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Mke na watoto waliachwa kijijini, wakilima chakula chao wenyewe.

Hapo ndipo ilipojificha ruzuku kubwa ya mkonge, ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya kampuni yoyote. Shamba lilimlipa mwanamume posho na senti chache. Gharama ya kumzaa, kumlea na kumtunza uzeeni ilibebwa na mwanamke aliyebaki na jembe Kasulu, Songea au Njombe. Mikoa iliyotoa watu haikupata reli ya mazao, haikupata viwanda, na haikupata hata soko, kwa sababu iligeuzwa kuwa ghala la nguvu kazi. Ramani ya umaskini wa Tanzania ya baadaye ilianza kuchorwa humo.

Kulikuwa na upande mwingine pia, na haki ni kuutaja. Kambi zilitaka chakula, na wakulima wa Handeni na Usambara walipata mahali pa kuuza mahindi, maharage na mboga. Watu wa makabila mengi walilala kambi moja, wakazungumza Kiswahili, wakacheza ngoma za wenzao. Umoja wa Tanganyika una sehemu ya mizizi yake katika zile kambi za mabati.

Mikono ikibadilishana: 1914 hadi 1939

Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa Wajerumani. Uingereza ilikabidhiwa nchi, mashamba ya maadui yakauzwa, na wanunuzi walikuwa Wagiriki, Waingereza, Waswisi na Wahindi. Miongoni mwa Wahindi hao ilikuwemo familia ya Karimjee Jivanjee, iliyoanzia biashara Unguja na ikaja kuwa moja ya wazalishaji wakubwa wa mkonge. Wajerumani wenyewe waliruhusiwa kurudi mwaka 1925.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza 1929, bei ya katani ilianguka hadi chini ya nusu. Mashamba yalipunguza ujira na kukata majani mengi zaidi kufidia hasara, hivyo tani zikaongezeka wakati fedha zikipungua. Vita vya pili vilipokaribia, Tanganyika ilikuwa ikitoa karibu tani 100,000.

Fedha za vita: 1939 hadi 1954

Mwaka 1942 Japani ilizitwaa Ufilipino na Java. Katani ya Manila na mkonge wa Java vikakatika kwa mataifa yaliyokuwa yakipigana nayo, na meli za kivita zilihitaji kamba. Ghafla Tanga ikawa na uzito katika hesabu za vita. Serikali ya Uingereza ilinunua katani yote kwa bei iliyoipanga yenyewe, na watu wakakusanywa kwa nguvu kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na treni za manamba zikawa sehemu ya maisha ya mikoa ya magharibi na kusini.

Kisha vikaja vita vya Korea. Nchi kubwa ziliogopa uhaba, zikanunua kwa pupa, na mwaka 1951 bei ilipanda kupita kiwango chochote kilichowahi kuonekana. Mwaka huo zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo yote ya Tanganyika nje ilitoka kwa mkonge. Serikali ya kikoloni haikuwahi kuwa na mapato kama hayo. Miaka miwili mitatu baadaye bei ilikuwa imeporomoka tena.

Jambo moja la miaka hiyo linastahili sifa bila masharti. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, watafiti walizalisha mkonge chotara ulioitwa 11648, kwa kuchanganya aina za agave, mojawapo ikiwa ile iliyopewa jina la Amani. Chotara huyo huishi muda mrefu na hutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa Hindorf. Uchina iliuchukua miaka ya 1960, na hadi leo ndio mkonge mkuu wa huko. Utafiti uliofanyika Muheza unaendelea kulipa, na kwa sehemu kubwa unawalipa wengine.

Na fedha za 1951, je? Nyingi zilikwenda kwa wenye hisa, nyingine zikawa kodi. Kidogo kilionekana kwa macho: Karimjee Hall ya Dar es Salaam ilikuwa zawadi ya familia hiyo, na ndani yake Bunge la nchi huru lilikutana kwa miaka mingi. Lakini linganisha na Kilimanjaro. Wachagga walikuwa wakipanda kahawa katika vihamba vyao wenyewe. Mwaka 1925 waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa kile cha ushirika, KNCU, kilichokusanya na kuuza kahawa ya maelfu ya kaya. Bei ya kahawa ilipopanda, fedha zilifika Machame, Marangu na Rombo, zikawa nyumba za bati, maduka na karo za shule. Kahawa haikufikia mkonge kwa thamani katika miaka hiyo. Ila shilingi ya kahawa ilizunguka nyumbani mara kadhaa kabla ya kuondoka, na shilingi ya mkonge ilipanda meli moja na marobota.

Uhuru, plastiki na Azimio: 1955 hadi 1976

Manamba hawakunyamaza. Vyama vya wafanyakazi vilikua upesi baada ya 1955, na mgomo wa shamba la Mazinde mwaka 1958 ulionyesha kwamba mkata mkonge anaweza kusimamisha korona. Baada ya uhuru, kima cha chini cha mshahara kilipandishwa mwaka 1963, na mfumo wa kuandikisha vibarua kutoka mbali ukafa. Lakini serikali mpya nayo ilitaka katani iendelee kutoka. Mapema mwaka 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali baada ya migomo. Taifa changa lilikuwa limekwisha kuutegemea mkonge kiasi cha kumwogopa anayeukata.

Mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000. Hicho ndicho kilele, na hatujakifikia tena. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza mwaka huohuo, ukitegemea fedha za nje. Hapohapo kamba za plastiki zikaingia sokoni, na Brazili nayo ikawa inaongeza mazao yake. Ndani ya miaka mitatu minne bei ikawa karibu nusu.

Kwa hiyo Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuta ugonjwa umekwisha kuanza. Oktoba mwaka huo serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba na kuyaweka chini ya shirika la umma. Nia ilikuwa ya haki: kwa nini utajiri wa ardhi yetu uwe wa watu walio London na Zürich? Lakini kilichobadilika ni jina la mwenye shamba. Kambi zilibaki kambi, kibarua akabaki kibarua, na katani ikaendelea kuuzwa ikiwa katani. Shirika lilirithi mfumo uleule wa kikoloni, tena bila mtaji wake, bila masoko yake na katika wakati wa bei mbaya.

Pori: 1976 hadi 1998

Mkonge hufa polepole, na ndiyo maana hasara yake huchelewa kuonekana. Shamba jipya huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha hukatwa kwa miaka mingi. Usipopanda upya leo, hesabu za mwaka huu hazitakusuta. Zitakusuta baada ya miaka kumi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1970 bado tulitoa karibu tani 200,000. Bei ya mafuta iliporuka na kuifanya plastiki kuwa ghali, bei ya katani nayo ikapanda sana mwaka 1974, lakini mashamba mengi hayakuwa na majani ya kutosha kufaidi. Kufikia 1980 tulikuwa chini ya tani 90,000. Vipuri vya korona vilikosekana kwa uhaba wa fedha za kigeni, shilingi iliyowekwa juu mno ilikula mapato ya kila anayeuza nje, na vijana hawakuwa tayari tena kufanya kazi ya baba zao kwa ujira usionunua unga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki tani 20,000 hivi.

Tanga ilianguka pamoja na zao lake. Viwanda vilifungwa, treni zikapungua, na familia zilizokuwa zimehamia kambini zikajikuta hazina kazi wala shamba, kwenye ardhi ya mtu mwingine, mamia ya kilomita kutoka kwao.

Mkulima na mkonge wake: 1999 hadi sasa

Sheria mpya ya mkonge ilitungwa 1997, Bodi ya Mkonge ikaundwa, na mashamba ya umma yakauzwa. Kuuza mashamba kulikuwa jambo la kawaida katika miaka hiyo. Jipya lilikuja 1999 wilayani Korogwe: wakulima wadogo waligawiwa vipande ndani ya mashamba makubwa, wakapanda mkonge wao, na korona ya shamba ikawasindikia majani kwa malipo. Miaka zaidi ya mia baada ya Hindorf, Mtanzania wa kawaida aliambiwa kwamba mkonge unaweza kuwa wake. Leo wengi wa wakulima hao wamo katika vyama vya ushirika, AMCOS.

Mwaka 2007 mtambo wa majaribio ulifunguliwa Hale, ukitumia mabaki ya korona, yale yaliyokuwa yakimwagwa mtoni, kuzalisha gesi na umeme. Tangu 2019 serikali imelisukuma zao hili kwa nguvu, na uzalishaji umepanda hadi zaidi ya maradufu ya ule wa mwaka 2000. Wanunuzi wamebadilika: Uchina inanunua, na Saudi Arabia hutumia katani kuimarisha jasi ya dari na kuta.

Lakini ukizungumza na mkulima wa Korogwe, hutakaa sana kabla hujasikia neno korona. Mashine ni chache, nyingi ni kuukuu, na nyingi ziko mikononi mwa mashamba makubwa. Majani yake yakichelewa kusindikwa, hasara ni yake. Brazili imetumia njia nyingine, ya mashine ndogo zinazopelekwa hadi mashambani mwa wakulima wa Bahia, ingawa mashine hizo zimewakata wengi vidole na mikono, na sitamani tuziige zilivyo. Tunachohitaji ni korona za kisasa zinazomilikiwa na AMCOS zenyewe, karibu na maji, na viwanda vya kamba, magunia na mazulia vilivyo Tanga badala ya ng'ambo.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali, kwa Bodi ya Mkonge na kwa mabenki yetu ni hili. Kabla ya kuongeza hekta, nunueni korona, na hati yake iandikwe jina la wakulima.